Barua ya wazi: Wafungulieni tena mlango wa pili vijana wa besiboli walioko kwenye utumishi

Kwa Waziri wa Ulinzi wa Jamhuri ya Korea, Mkuu wa Mamlaka ya Utumishi wa Kijeshi, Mkuu wa Jeshi la Polisi la Taifa, na Kamishna wa shirika linaloendesha ligi ya besiboli, KBO. Seoul.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kusemea jambo la moyoni bila kulipunguza. Rafiki yangu aliyeko Seoul ameahidi kuwatafsiria nakala yenu. Hii naiweka hadharani kwa wenzangu, maana Waswahili wanaofuatilia michezo ya Korea siku hizi si haba. Habari za mwanasoka Son Heung-min na jeshi wanazijua, za kundi la muziki la BTS na jeshi wanazijua, ila za timu ya besiboli ya polisi, ule mlango wa pili ninaoomba ufunguliwe tena, hawajasimuliwa na mtu.

Mimi ni Mtanzania. Nilikuja kwenu kusoma, nikapanga chumba Goyang, mji wa jirani na Seoul, upande wa Daehwa, kwa kuwa kodi ya Seoul ilinishinda. Besiboli sikuijua kabisa. Mchana mmoja wa mwaka 2016 nilisikia mlio wa gongo likikutana na mpira kutoka uwanja wa jirani, nikaingia kutazama. Timu ya pili ya klabu ya NC, ambayo miaka ile ilikuwa na makao yake pale Goyang, ilikuwa ikipambana na vijana walionyoa nywele mfano mmoja. Niliyekuwa naye ni mwanafunzi mwenzangu, Mkorea aliyenizidi mwaka mmoja. Nilimwita kaka kama ilivyo desturi kwenu na kwetu, na humu nitaendelea kumwita hivyo. Kaka akaniambia, "Hao ni polisi. Wako kwenye utumishi wa lazima. Wakimaliza wanarudi kwenye klabu zao."

Aliyepita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria huwatambua wenzake hata wakiwa wamevaa jezi. Nilipomaliza kidato cha sita nami nilikatwa nywele, nikaamshwa kabla ya alfajiri, nikafundishwa kusimama, kutembea na kula kwa amri. Kwetu ilikuwa miezi mitatu. Kwenu wakati ule ilikuwa miezi 21, leo kwa jeshi la nchi kavu ni 18. Nilipowaona vijana wale wakitoka mbio kwenda kwenye nafasi zao uwanjani, nilielewa kwamba zile mbio si za mchezo peke yake. Mtu aliyepewa ruhusa ya kufanya anachokipenda ndani ya muda usio wake hukimbia hivyo.

Kwetu Afrika Mashariki mwanamichezo mwenye sare si kitu kigeni. Filbert Bayi alikuwa mwanajeshi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974. Kenya ina wanariadha wengi mashuhuri walioajiriwa na polisi na magereza, na Tanzania timu za JKT na za polisi zinacheza ligi kama klabu nyingine yoyote. Hakuna anayeona kwamba wanakwepa kazi. Tofauti ni kwamba hao wetu wameajiriwa, wameingia kwa hiari yao. Wenu wanaitwa na Katiba, ibara ya 39, na wanaitwa katika umri uleule ambao mwili wa mchezaji unajengeka au unapotea. Kwa hiyo ninyi mna deni ambalo sisi hatuna.

Waheshimiwa, mnaijua historia hii kuliko mimi, lakini niacheni niikumbushe kwa ajili ya wasomaji wangu. Mwaka 2004 besiboli ya Korea iliaibika. Ilibainika kwamba wachezaji kadhaa wa ligi walikuwa wamewalipa madalali ili wawasaidie kuchezea vipimo vya mkojo, waonekane wagonjwa wa figo na wasamehewe jeshi. Wengine walifungwa. Nchi ilikasirika, na ilikuwa na haki ya kukasirika. Lakini baada ya hasira kupoa, kuna watu wenye busara waliojiuliza swali la maana: kwa nini kijana mwenye nguvu zake akubali kujifanya mgonjwa? Jibu lilikuwa wazi. Mahali pa kutumikia taifa huku ukiendelea kucheza palikuwa pamoja tu, kikosi cha michezo cha jeshi, Sangmu, kilichoanzishwa mwaka 1984, na nafasi zake zilikuwa chache. Asiyepata hapo aliacha mpira kwa zaidi ya miaka miwili. Mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, akiacha kurusha miaka miwili, mkono unasahau.

Ndipo Desemba 2005 ikazaliwa timu ya polisi. Kijana aliingia kama askari wa polisi wa utumishi wa lazima, akapewa kambi Byeokje, hukohuko Goyang, na kuanzia 2006 akawa anacheza ligi ya pili, ile inayoitwa Futures. KBO ilichangia gharama. Kuanzia 2009 mpaka siku ya mwisho kocha alikuwa Yoo Seung-an. Chini yake timu ilitwaa ubingwa wa kundi la kaskazini miaka minane mfululizo, 2011 hadi 2018.

Ubingwa huo sitausifu sana. Timu inayobadilisha karibu nusu ya wachezaji wake kila mwaka, na kupewa wengine waliokwisha kufunzwa na klabu za ligi kuu, inaweza kushinda. Nataka niwaeleze habari ya Choi Hyoung-woo, kwa sababu mpaka leo nikiifikiria najisikia vibaya kwa yale yaliyofuata.

Choi alichukuliwa na Samsung Lions mwaka 2002 kama mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Hakung'ara. Mwisho wa msimu wa 2005 klabu ikamwacha. Mchezaji wa miaka 21, hana timu, na jeshi linamsubiri mlangoni: kwa kawaida hapo ndipo hadithi inapokatika, na kijana anatafuta kazi ya dukani. Ikawa ni mwaka uleule timu ya polisi inaanzishwa. Akaingia kwenye kundi la kwanza kabisa. Akaacha udakaji, akahamia nyuma uwanjani, akapiga mpira kila siku kwa miaka miwili. Mwaka 2007 aliongoza kundi la kaskazini la ligi ya pili karibu katika kila kipimo cha upigaji. Samsung, walewale waliomwacha, wakamrudisha. Mwaka 2008 akawa chipukizi bora wa ligi kuu. Mwishoni mwa 2016 akasaini na Kia Tigers mkataba wa miaka minne wa won bilioni 10, kiwango ambacho hakuna mchezaji aliyewahi kutangaziwa katika ligi yenu kabla yake. Juni 2023 akampita Lee Seung-yuop na kuwa mtu aliyeingiza pointi nyingi zaidi kwa gongo lake katika historia ya KBO. Mwaka 2024, akiwa na miaka 40, alikuwa bado katikati ya safu ya wapigaji wa Kia waliochukua ubingwa.

Yote hayo yamepita kwenye kambi ya polisi. Kama 2005 pasingekuwa na ule mlango wa pili, leo jina lake lingekumbukwa na mama yake na walimu wake wa Jeonju.

Yang Eui-ji naye alichaguliwa na klabu ya Doosan katika raundi za mwisho mwisho za mchujo, zoezi la kila mwaka la klabu kugawana vijana wapya, pale ambapo klabu huchagua ili kujaza fomu. Akaenda polisi 2008 na 2009, akatoka, na 2010 akawa chipukizi bora. Baadaye akawa mchezaji bora wa fainali mara mbili kwa klabu mbili tofauti, Doosan 2016 na NC 2020. Son Seung-lak, Jang Won-jun, An Chi-hong na Jeon Jun-woo walipita palepale. Lee Dae-eun, aliyekuwa ametoka kucheza Japani, alivaa jezi ya taifa kwenye mashindano ya dunia ya 2017 akiwa askari polisi, nywele zimenyolewa.

Timu hii haikufa kwa kosa lake, na jambo hili naomba mlikubali kabla ya kusoma mbele. Serikali ya Rais wa wakati ule, Moon Jae-in, iliamua kuufuta utumishi wa lazima ndani ya polisi, hatua kwa hatua kuanzia 2018 hadi 2023, kwa sababu watoto wanaozaliwa ni wachache na jeshi linawahitaji vijana wote. Sera ile ilikuwa na hoja zake nami siipingi. Lakini timu ya besiboli ilikuwa mpangaji ndani ya nyumba hiyo. Nyumba ilipobomolewa, mpangaji hakuulizwa anakwenda wapi. Mwaka 2018 polisi wakasitisha kuchukua wachezaji wapya. Wachezaji waliokwisha kustaafu na watu wa besiboli wakaomba angalau muda zaidi. Haikusaidia. Mwaka 2019 walibaki vijana wapatao ishirini, kundi la mwisho, wakicheza michezo isiyohesabiwa kwenye msimamo wa ligi. Kiangazi kilipofika, timu ikavunjwa. Mabingwa wa miaka minane mfululizo waliondoka bila mtu wa kuwapokea kijiti.

Timu ya mpira wa miguu ya polisi ilipata bahati kidogo. Asan Mugunghwa ilishika nafasi ya kwanza katika ligi ya pili mwaka 2018, ikanyimwa kupanda daraja kwa sababu ya kufutwa huko, lakini mji wa Asan na mkoa wake wakaishika mkono, na tangu 2020 ni klabu ya raia, Chungnam Asan. Nafasi ya wanaotumikia taifa ilipotea, lakini angalau uwanja haukubaki mtupu. Upande wa besiboli hata hilo halikufanyika.

Sasa niwaambie kilichotokea baada ya hapo, kwa macho ya mtu mmoja.

Kaka ana mdogo wake, mrushaji. Klabu moja ya ligi kuu, ambayo sitaitaja, ilimchagua katika raundi za mwisho, kama Yang. Alikuwa amepanga kuomba polisi mwishoni mwa 2018. Mlango ukafungwa miezi michache kabla. Akaomba Sangmu, akakosa, akaomba tena, akakosa tena, na hilo halishangazi, maana wale waliokuwa wakigawana milango miwili sasa walikuwa wamebanana kwenye mmoja, na Sangmu kwa haki kabisa inachukua walio tayari. Akaenda jeshi la kawaida, askari wa miguu, kaskazini karibu na mpaka. Hakulalamika. Siku za likizo alituonyesha mkono wake. Alikuwa akirusha mipira kwenye magunia ya mchanga nyuma ya ghala jioni, akipata ruhusa, gizani, bila mdakaji, bila mtu wa kumwambia bega lako limeshuka. Alirudi klabuni, mpira wake umepungua mwendo. Baada ya msimu mmoja wakamwacha.

Nimekaa naye meza moja, nimekula kwa mama yake. Hakuwa nyota, na pengine hata kwa miaka miwili ya Byeokje asingekuwa nyota. Lakini Choi naye mwaka 2005 hakuwa nyota. Hakuna kocha anayeweza kumtazama kijana wa miaka 21 aliyeachwa na klabu akajua huyu ni yupi kati ya hao wawili. Ndiyo maana ya mlango wa pili. Wa kwanza unawafaa wale ambao tayari mnawajua.

Mlango huo ulipofungwa, ulibaki mwingine ambao si mzuri kwa yeyote: medali. Sheria yenu ya tangu miaka ya 1970 inampa msamaha anayeshinda medali yoyote ya Olimpiki au dhahabu ya Michezo ya Asia. Anafanya mafunzo ya wiki chache na saa 544 za kujitolea, anaendelea na kazi yake. Son Heung-min alipata hivyo kwa dhahabu ya 2018, akafanya wiki zake tatu na wanamaji kisiwani Jeju. Simwonei wivu. Lakini kwenye besiboli, mashindano hayohayo ya 2018 yaliwagawa wananchi. Wachezaji wawili walikuwa wameacha umri wa kuomba Sangmu na polisi uwapite, wakategemea kuitwa timu ya taifa, na wakaitwa. Timu ilishinda dhahabu, ikarudi nyumbani kuzomewa. Oktoba ile kocha Sun Dong-yol, mmoja wa warushaji wakubwa kuliko wote mliopata kuwa nao, aliitwa bungeni kuhojiwa, na mwezi uliofuata akajiuzulu. Dhahabu iliyomfukuza kocha wake! Mkipunguza njia halali, kila kiti cha timu ya taifa kinageuka kuwa karatasi ya bahati nasibu, na kila uteuzi unatiliwa shaka.

Tena hesabu yenyewe haikubali. Tangu mchujo ulipopanuliwa kufika raundi 11, klabu 10 zinachukua vijana 110 kwa mwaka. Kwa miaka minne, kutoka Michezo ya Asia moja hadi nyingine, ni vijana 440. Kikosi cha besiboli kilichokwenda Michezo ya Asia ya Hangzhou mwaka 2023 kilikuwa cha watu 24. Nao wanaoachwa kabla hata ya mchujo, waliomaliza sekondari na vyuo bila klabu, hawamo humu kabisa.

Najua mtakachosema, maana nimekisikia kutoka kwa marafiki Wakorea ninaowaheshimu. Kwanza, haki: kwa nini mpiga gongo apate nafasi ya kucheza wakati mtoto wa fundi bomba analinda mpaka kwenye theluji? Hoja hii naipa uzito wote. Lakini timu ya polisi haikumsamehe mtu hata siku moja. Kijana alivaa sare, akalala kambini, akatii amri, akatimiza muda uleule na wenzake. Jeshi lenu lina bendi, lina wapishi, lina madaktari, na kila mmoja anatumikia kwa ufundi alionao. Kama kuna jambo lisilo la haki, ni kuwa na mlango mmoja ambao anaupita aliyekwisha kufanikiwa, halafu msamaha kamili kwa anayeshinda dhahabu, na katikati hakuna kitu.

Pili, uhaba wa watu. Mwaka 2023 kila mwanamke wa Korea alikuwa anatarajiwa kuzaa wastani wa mtoto 0.72, na idadi ya askari imeshuka chini ya laki tano. Nayaelewa. Agosti mwaka huohuo, baada ya watu kuchomwa visu hadharani, Waziri Mkuu Han Duck-soo alitangaza kwamba serikali itafikiria kuwarudisha polisi wa utumishi wa lazima, na kesho yake kauli ikalegezwa kwa sababu ya uhaba huohuo. Lakini sisi tunazungumzia kikosi cha watu wapatao arobaini. Jeshi lisiloweza kuwakosa vijana arobaini lina tatizo ambalo vijana arobaini hawatalitatua.

Ninachowaomba, basi. Siwaombi mrudishe polisi wa zamani kwa ajili ya mpira. Nawaomba mtafute nyumba nyingine ya mpangaji yule: kikosi cha pili cha Sangmu katika mji mwingine mbali na Mungyeong iliko Sangmu ya sasa, au timu chini ya zimamoto, au popote ambapo kijana atatimiza miezi yake kihalali. Ligi inaweza kulipia. Mwaka 2024 watazamaji wa KBO walipita milioni 10 kwa mara ya kwanza, na sehemu ndogo ya walicholipa mlangoni ingeendesha kambi nzima. Na mkishaianzisha, msiwape nafasi zote wale ambao klabu zao zinawahitaji. Tengeni viti kwa walioachwa na kwa wasio na klabu, iandikwe kwenye kanuni, ili kocha asije akashawishika na ubingwa. Choi aliingia bila klabu nyuma yake. Hilo ndilo lililoifanya timu ile iwe na thamani, kuliko yale makombe manane.

Na kwa wale watakaokosa hata hapo, amri moja tu kwa makamanda wa vikosi ingetosha kuanzia: saa moja jioni, taa, na mtu wa kudaka. Magunia ya mchanga hayarudishi mpira.

Kabla ya kuandika barua hii nilimpigia simu mdogo wake kaka, kumwomba ruhusa. Alikubali, mradi nisitaje jina lake wala klabu yake. Siku hizi anafundisha watoto kurusha, kwenye ukumbi mdogo uliozungushiwa nyavu. Alikuwa ana haraka, kipindi kilikuwa kinaanza. Akaniambia ana mwanafunzi mmoja wa miaka 17, anatumia mkono wa kushoto, ana mwendo mzuri ila bado hajui mpira unakwenda wapi. Atahitaji miaka mitano au sita kukomaa, na miwili kati ya hiyo ni ya taifa.

"Waulize," akasema, "huyu ataenda wapi."

Nawauliza, Waheshimiwa, na nasubiri jibu lenu.

Wenu katika michezo,
Mpangaji wa zamani wa Daehwa, Goyang
Dar es Salaam